Simu Shingoni mwa Farasi

Ule mlio bado ninao masikioni: kwaya ya kanisani kwetu inaimba ndani ya simu yangu, kwato zinatwanga ardhi, na vyote viwili vinatokomea kwenye migomba mpaka nabaki nasikia kuku tu. Jamani, naona aibu hata kuwasimulia, ila kwa kuwa kijiji chetu kizima cha Ikolo kinajua, bora jambo lenyewe mlipate kwangu kabla halijaongezwa chumvi (ingawa lenyewe lina chumvi ya kutosha).

Kazi yangu ni kuhudumia farasi. Najua mtauliza farasi Kyela wametoka wapi, hata mimi niliuliza. Ni wa mzee mmoja mstaafu aliyejenga karibu na ziwa, anao wanne, wageni huwapanda kutembea ufukweni, na mimi nawasugua manyoya, nawakatia majani, nawasimulia ndoto zangu kwa sababu hawajui kumkatiza mtu. Tangu daktari aseme valvu ya moyo wangu imechoka na lazima nipasuliwe, bosi alinikataza kubeba ndoo wala kusukuma toroli la mavi, nikabakiziwa kumtembeza Chapati, farasi jike mweupe mwenye madoa ya kahawia, mpole kuliko wote. Hiyo, na kusubiri simu. Hospitali walisema wazi: tukikupigia tukakukosa, nafasi anapewa mwingine, wagonjwa ni wengi.

Sasa kule bondeni mtandao unashika ukiinyanyua simu juu, na mkono nao unachoka. Asubuhi hiyo nikamtazama Chapati, nikajitazama mimi, nikaona yeye ni mrefu. (Nilipomaliza darasa la saba mwalimu alisema akili ninayo, sijui aliionea wapi.) Nikaiviringisha simu kwenye kipande cha kitenge, nikaifunga kwenye hatamu chini ya sikio lake, sauti nikaifungulia mpaka mwisho nisije nikakosa kuisikia.

Ikaita. Kwaya nzima ikamlipukia sikioni.

Chapati mpole alitoka mbio ambazo sijawahi kuziona, akapita kwenye mikakao ya watu, akapotea. Nami kukimbia nimekatazwa, kwa hiyo nikamfuata kwa mwendo wa kujivuta, mkono kifuani, ndala moja imebaki kwenye tope, machozi yananitoka, napiga kelele: "Rudi jamani! Usiniache! Nitaishije mimi bila wewe?"

Sikujua kuwa nyuma ya migomba ile kulikuwa na msiba.

Nyie mnajua kwetu mwanamke anavyoingia msibani. Kilio anakianzia njiani, mikono kichwani au kifuani, na wenyeji wanatoka kumpokea. Basi akina mama wawili wakanidaka, mmoja kila upande, wakalia na mimi, wakaniingiza ndani, wakanikalisha mkekani pembeni ya jeneza. Nikajaribu kusema, "Mama, namtafuta farasi," lakini pumzi sina na sauti haitoki, na yule mama akazidi kunipapasa mgongo, "Lia mwanangu, lia, usibaki nayo moyoni." Nikamwangalia yule baba aliyelala pale, simjui, na sijui nini kilinipata, nikaona kama ni mimi niliyelazwa pale, nikalia kweli. Nililia kuliko wafiwa. Mpaka wafiwa wakaanza kutazamana.

Mjane mwenyewe, Mama Lusajo, akainama akaniuliza polepole, "Samahani binti. Wewe ulikuwa nani kwa mume wangu?"

"Si mtu, mama," nikasema (jibu gani hilo!). "Mimi nina farasi."

Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Maskini, huzuni imempanda kichwani." Mwingine akajibu, "Huzuni gani, hao ndio vimada. Kwani hukusikia alivyokuwa analia njiani, nitaishije bila wewe?"

Kabla sijafa kwa aibu akaingia shemeji wa Mama Lusajo, mdogo wake marehemu, ameshika simu yangu na kitenge chake. "Jamani, kuna farasi uani anakula shada la maua lililoletwa na kwaya," akasema. "Simu ilikuwa inaita shingoni mwake. Mimi nikapokea, maana tangu asubuhi tunapigiwa simu za pole. Dada mmoja akauliza mgonjwa wetu wa moyo anaendeleaje. Nikajua anamuulizia kaka, maana moyo ndio uliomuua, nikamwambia ametutoka, tunazika saa nane. Kasema poleni, nafasi yake anapewa mwingine." Akajikuna kichwa. "Sasa mimi nashindwa kuelewa, nafasi ya marehemu anapewa nani?"

Mimi ndiye niliyeelewa, peke yangu nyumba nzima. Nikaipokonya simu, nikapiga. "Dada, ni Atupele, yule wa valvu! Sijafa!"

"Nimeambiwa unazikwa saa nane," akasema nesi. "Na kilio nakisikia hapo hapo. Dada, msiba si kitu cha kutania."

Nikaanza kueleza, farasi, kitenge, kwaya, kila neno likaharibu zaidi. Ndipo Mama Lusajo akasimama, akanyoosha mkono juu ya mkeka wote, akasema, "Nyamazeni kidogo. Mume wangu atasubiri, huyu hawezi kusubiri." Na msiba mzima ukanyamaza, ndani hadi uani, wakabaki wananitazama nikiongea. Nesi akaniuliza jina la mama yangu na mwaka niliozaliwa, nikamjibu, akacheka kidogo, akasema, "Haya marehemu, jina lako nalirudisha. Njoo Jumatatu."

Nikamshukuru Mama Lusajo kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama."

"Ndaga, mwanangu," akajibu, huku anajifuta macho. "Lakini nenda na huyo farasi wako, shada amelimaliza."

Tangu siku hiyo simu naificha kifuani, na Chapati namtembeza bila muziki. Nimeapa: kitu ninachokingoja kwa roho yangu yote, sitamfungia mwingine shingoni.

Jumapili, kabla ya safari, sikumwambia mtu. Nilichuma maua kando ya banda, nikayafunga kwa kile kitenge, nikaenda kuyaweka juu ya kaburi la yule baba, nikarudi polepole, kama daktari alivyosema.