Winga Tuliyembeba Begani

Nikilala kidogo baada ya adhuhuri, huja yule winga wetu. Haji kwa miguu. Huja juu kwa juu, vile vile tulivyombeba siku ile, kifua wazi, nyayo zake mbili zinaning'inia hewani, safi kabisa, hazijagusa mchanga. Nyuma yake inakuja harufu ya karafuu mbichi zilizoanikwa. Watu wamefungua vinywa, naona wanapiga kelele, lakini sisikii kitu, kama ninayewatazama kutoka chini ya maji. Kisha mkono wangu wa kulia unanyanyuka, na hapo nashtuka, naukuta umelala juu ya kifua changu kama mkono wa mtu mwingine.

Mimi sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya pili nikatoka, maana baba alikufa na mikarafuu ya watu ilitaka wachumaji. Kuandika nilijifundisha kwa kutazama herufi zilizopakwa rangi kwenye magunia. Shamba hili nililo nalo sikurithi kwa mtu, nimelinunua mti baada ya mti, na asiyeamini aje aone. Nayasema haya ili ijulikane kuwa sina haja ya kujipamba. Nitakayoyaandika hayanipambi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vile vikubwa. Sisi wa Mgogoni tulikuwa na timu. Mpira wetu wa ngozi ulikuwa mmoja tu, umeshonwa na kushonwa tena mpaka ukawa na makunyanzi. Tukichezea pale pale tulipoanikia karafuu. Msimu ukinoga, majamvi yalitandikwa na mpira ukasogezwa pembeni, na mara nyingi uliruka ukatua katikati ya karafuu, bibi mmoja akainuka na ufagio kumfukuza golikipa. Wachezaji wote walikuwa wachumaji, na wote walicheza peku. Winga wetu wa kulia alikuwa mchezaji bora na mchumaji bora, na hilo ndilo lililotutia hofu washabiki. Tawi la mkarafuu halimwambii mtu kitu. Hukatika tu.

Kikao chetu kilikuwa alasiri, baraza ya duka la Mhindi mmoja mwembamba tuliyemwita Seti. Akiuza mafuta ya taa, sukari na nyuzi, na barazani kwake alikaa fundi cherehani, mtu mwenye maneno mengi kuliko nguo alizoshona. Mie nilikuwa kiongozi wa kelele uwanjani. Nina kimo, nina sauti, na wakati ule hapakuwa na mtu wa Pemba aliyenishinda kwa kujibu maneno ya washabiki wa upande wa pili. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote.

"Jana nimemwona anachechemea," fundi alisema siku moja, mguu wake bado unakanyaga cherehani. "Anakwenda kisimani. Mguu wa kulia."

"Wa kushoto," nikasema.

"Wa kulia! Mie ninayeshona suruali za watu, nisijue mguu wa kulia?"

"Amekanyaga mwiba tu."

"Leo mwiba. Kesho tawi. Kesho kutwa mahamali wa Mkoani wanatufunga, wanatuimbia mpaka msimu mwingine."

Mahamali wale, wachukuzi wa bandarini, walikuwa na mabega kama milango. Msimu uliopita walitufunga, wakatusindikiza mpaka kwenye gari wakituambia turudi mitini kwetu. Mechi ya kurudiana ilikuwa imebakia juma moja.

Tukakata shauri pale pale. Winga asipande mti juma zima. Miti yake tutaichuma sisi washabiki, kila mmoja alfajiri moja, na zote ziwe zake. Asiende pwani akachomwa na miba ya baharini. Asikate kuni. Akae ndani. Tukampelekea habari bibi yake, aliyemlea tangu mdogo na ambaye kijiji kizima kilimpelekea mifupa iliyovunjika aiunge. Bibi alitutazama barazani kwake tulivyojipanga.

"Mume mzima mnamweka ndani kama mwari?" alisema. "Basi nimpake na hina?"

"Bi mkubwa, ni goti na kifundo tu tunavilinda," fundi akamjibu kwa adabu.

"Haya vilindeni. Mie vikivunjika najua pa kuviunga."

Zamu yangu ilipofika nilipanda kabla jua halijatoka. Naikumbuka asubuhi ile kuliko mengi yaliyonipa faida baadaye. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na vilele vya mikarafuu vimetokeza juu yake kama watu walioketi ndani ya pamba. Nikavuta matawi kwa kigoe, nikachuma, pakacha likajaa polepole, na kila kishada nilichokikata nilimwona winga akikimbia pembeni mwa uwanja, mpira umemganda mguuni. Sikuwa na njaa wala sikuchoka. Nilijiona kama mimi ndiye nitakayefunga.

Siku mbili kabla ya mechi fundi alikuja na jambo jipya.

"Pale mlangoni mwa uwanja wao, baina ya vile vigingi viwili, kumefukiwa kitu," alisema. "Msimu uliopita beki wetu alipita pale, kidogo tu misuli ikamkaza."

"Alikula mihogo minne ya kuchoma ndani ya gari," Seti alisema kutoka ndani ya duka. "Mimi nilimwona."

"Seti, weye mambo haya huyajui."

"Mihogo naijua. Mimi niliyemuuzia chumvi."

Hakuna aliyemsikiliza. Tuliona njia moja: nyayo za winga zisikanyage pale mlangoni. Tutambeba. Fundi bega la kushoto, mie la kulia.

Siku ikafika. Gari la mizigo lilitushusha Mkoani alasiri, vumbi limetupaka wote rangi moja. Tukamkalisha winga mabegani, kila mmoja amemshika paja la upande wake. Alikuwa mwepesi. Nakumbuka joto la mguu wake shavuni mwangu na harufu ya mafuta aliyopakwa na bibi yake. Wanawake waliokuja na gari wakapiga vigelegele, na tukaenda hatua ndogo ndogo, kama tunaocheza ngoma. Njia ile ilikuwa fupi, lakini mie naiona ndefu, sijui kwa nini, mpaka leo naitembea haiishi.

Tulipofika baina ya vigingi, hamali mmoja alikuwa amekaa juu ya ukuta. Akapaza sauti: "Ala! Watu wa karafuu, mbona mnatuletea maiti? Jeneza mmelisahau wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Na watu wangu wote wakanigeukia mie. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Nikaunyanyua mkono wa kulia, ule ule ulioshika paja, nikamnyooshea kidole.

"Maiti ni nyinyi! Huyu ndiye mchimba kaburi wenu!"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, changu mwenyewe, nami nilikisikiliza. Ndani ya kicheko hicho winga aliteleza kutoka begani kwangu. Goti lake lilifikia juu ya jiwe la matumbawe, hapo hapo mlangoni. Mlio wake ulikuwa mdogo. Ni kama mtu aliyevunja kijiti.

"Amevutwa!" fundi akapiga ukelele. "Wallahi nimesikia anavutwa chini! Wamemtega!"

Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa moja. Sikulisema. Tulicheza bila winga, tukafungwa, mabao siyataji.

Bibi yake aliliweka goti mapajani mwake jioni ile kama mtu anayepakata mtoto. Alilipapasa kwa vidole muda mrefu, sisi tumemzunguka, mie nimeshika beseni la maji ya moto. Fundi alimweleza ya kufukiwa na ya kuvutwa. Bibi hakuinua macho.

"Goti hili halikurogwa," alisema. "Goti hili limeangushwa."

Nikatazama ndani ya beseni. Uso wangu ulikuwamo humo, unatikisika.

Akalifunga kwa mabanzi. Akasema mpira asahau. Na mti, msimu huu hapandi, na misimu mingine Mungu ndiye ajuaye. Na nyumba ile ilikula kwa miguu ya kijana yule, hapakuwa na mwingine. Basi kila alfajiri nikawa napanda miti yake kwanza, kisha yangu. Watu wakanisifu. Nilipopita njiani walisema, "Yule ndiye mshabiki wa kweli." Mie napenda sifa, sikatai, lakini hizo zilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kijiji kikakubaliana kuwa mtu wa Mkoani hana kitu kwetu. Haamkiwi, hanunuliwi, hakaribishwi. Siku moja akaja mzee mmoja muuza papa mkavu aliyekuwa akitujia miaka yote kutoka upande ule. Alitua kapu lake barazani kwa Seti, jasho linamtoka.

"Asalaam alaykum, wanangu. Nipeni maji."

Hakuna aliyeitikia. Astaghfirullah, salamu ya Mungu hakuna aliyeitikia!

"Rudi na papa wako, Mzee," fundi akamwambia. "Goti la mwenetu mmelila."

"Goti?" Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Mie nala papa, bwana. Magoti sijayala."

Seti alikuwa ameshachota maji kwa kata. Fundi akamshika mkono, maji yakamwagika kidogo sakafuni. Niliyatazama yale maji yanavyoingia kwenye ufa. Mzee alikuwa na midomo mikavu, na midomo ile niliikausha mie.

"Nkono niliuachia mie," nikasema.

Fundi akauachia mkono wa Seti.

"Siku ile. Nilitaka kumjibu yule hamali, nikaunyanyua huu. Hapakufukiwa kitu pale, hapakuvutwa ntu. Nilimwangusha mie kwa kutaka kuchekesha watu."

Nilijiweka tayari kwa ngumi. Nilikuwa na nguvu, lakini niliazimia kutozirudisha. Fundi alinitazama mpaka nikaona jasho linamshuka puani.

"Uliunyanyua weye mwenyewe?"

"Mie mwenyewe."

"Weye kila siku wajibu watu. Umeshawahi kumwangusha ntu?"

"Sijawahi."

"Mbona iwe siku ile? Mbona iwe hapo hapo mlangoni?" Akasimama, macho yamemtoka. "Basi ndicho hicho walichofukia! Hawakumtega yeye. Wamekutega nkono!"

Na watu wote barazani wakasema kweli, kweli, ndivyo ilivyo. Mmoja akanishika mkono akatafuta alama. Mwingine akataja mganga wa Micheweni. Nilipiga kelele kuwa mkono ni wangu na akili ilikuwa yangu, nao wakazidi kunihurumia, wakisema ndivyo mtegwa anavyosema. Seti alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari.

"Nyinyi watu," yule mzee akasema, "maji mnayo au hamna?"

Nikachukua kata nikampa mwenyewe. Na papa wake nikamnunua.

Kisha nikaenda kwa winga. Nilimkuta uani juu ya jamvi, mguu ameunyoosha, anachambua karafuu pamoja na bibi yake, karafuu zenyewe upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande ule.

"Nimesema," nikamwambia.

"Nimeshasikia. Nimesikia na kwamba umerogwa."

Bibi akakohoa, kikohozi chenye kicheko ndani.

"Ulijua?" nikamuuliza winga.

"Nimekukalia begani, nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekupiga. Ukipigwa weye, mtini anapanda nani?" Akachambua kidogo. "Na nilitaka neno ulitoe mwenyewe. Karafuu unazoniletea zimejaa majani. Zamani hukuwa wachuma hivi."

Nikakaa, nikaanza kuchambua majani yangu. Jua lilipita juu ya majamvi polepole, na harufu ile ikatuingia nguoni.

Mpira hakucheza tena. Mti aliupanda baada ya misimu mitatu, matawi ya chini tu. Lakini msimu mmoja tu baada ya kuanguka, alisema anakwenda Mkoani kutazama mechi. Tuliposhuka garini washabiki wakamzunguka, fundi ameshainama amweke begani.

"Sibebwi," winga akasema.

"Pale mlangoni, ndugu yangu, japo pale mlangoni tu!"

"Nna miguu."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akauegemea kwa uzito wake wote, tukaenda. Baina ya vigingi alisimama. Akaunyanyua ule mguu usiokunjika vizuri, akaukanyaga mchanga, tena akaukanyaga mara ya pili, kwa makusudi. Fundi alikuwa amefumba macho. Hapakutokea kitu. Vumbi tu.

Juu ya ukuta hamali alikuwapo, yule yule.

"Ala! Maiti amefufuka!"

Wenzake wakacheka, na watu wangu wakanigeukia, wanangoja. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, ninalo mpaka leo. Sikulisema. Mkono ulikuwa na kazi.