Viti vya Harusi Kwenye Matanga

Projeti iliyonilipa mshahara ilipofungwa, wakubwa wa biro kule mjini, mtaa wa Himbi, waliniaga kwa keki na maneno matamu. Nilirudi kwetu, upande wa Lac Vert, na hasira zangu na wazo moja. Kwetu, mutu akioza binti, anaenda kukodi viti mjini, na gari la kuvileta linamla kuliko viti vyenyewe. Nikamwambia bibi yangu niliyemwoa, mimi nitakodisha viti hapa hapa. Alinitazama kidogo, akauza frigo yake ya kupozea jusi ya biashara, ile iliyokuwa ikitulisha. Ningeshindwa, sijui ningemtazama kwa macho gani.

Nilinunua viti vyeupe vya plastiki na bashe mbili, maturubai makubwa ya kivuli, nikatundika kibao mlangoni. Watu walisimama, wakasoma, wakasifu, wakaenda zao. Mwishowe akaja papa mmoja wa barabara ya juu. Binti yake anaolewa Jumamosi, anataka viti vyote.

"Muzee, usiniangushe," akasema. "Wakwe wanatoka Bukavu, na wale wanaangaliaka kila kitu."

Mimi pia nimezaliwa Bukavu. Sikumbishia.

Alhamisi, jirani wa mbele yetu akafariki, muzee mpole aliyewahi kufuga ng'ombe Masisi. Nilikwenda kuagiza mbao za jeneza, na niliporudi depo yangu ya viti ilikuwa tupu. Kwetu kukiwa na matanga, kila nyumba inatoa viti vyake bila kuombwa. Majirani walikuja kuchukua, na aliyewafungulia ni bibi yangu.

"Vile ni vya kukodisha, si vya nyumba," nikamfokea.

"Sasa wakae wapi?" akaniuliza, akaendelea kumenya viazi vya matanga.

Nilivimba. Ijumaa nzima nilisimama pembeni ya waombolezaji nikitazama viti vya harusi ya watu vimekaliwa. Nani ataenda kumwambia mutu anayelia, simama, kiti hicho kina kazi kesho? Kinywa kilikataa. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia yule papa, na nikajua harusi ikiharibika, hakuna tena atakayekuja kugonga kwangu.

Jumamosi asubuhi mjane aliniita. Nadhani bibi yangu alikuwa amemnong'oneza.

"Papa, nasikia viti vina harusi leo."

"Mama, tuache hayo."

Hakuniacha nimalize. Alisimama yeye wa kwanza, akakikaza kitenge chake, akakaa chini kwenye mkeka. Basi wote wakasimama. Wazee walihamia kwenye mawe meusi ya volkano yaliyozunguka parseli, kiwanja cha nyumba yake, wengine wakapindua bidoni za maji wakakalia. Wanaume walipangusa viti kimoja kimoja, wakavifunga kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, wakavisukuma mpaka barabara ya juu. Nilisukuma nao, machozi yananitoka, nikisingizia vumbi. Harusi ilikaa vizuri, na wakwe wa Bukavu, pamoja na macho yao yote, hawakuona kasoro.

Jioni nilipanda kwenda kuchukua mali yangu, nikakutana nayo njiani inashuka. Papa wa harusi na tai yake shingoni, wageni nyuma yake, kila mutu na kiti kichwani. Akina mama walibeba masufuria ya wali na nyama.

"Tumesikia viti vilitoka wapi," akaniambia. "Haifai virudi peke yao."

Waliingia kwa mjane hivyo hivyo, na nguo zao za sherehe, wakapakua chakula, wakaketi. Bibi harusi alikaa karibu naye, akamshika mkono. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba Ijumaa ile sikufungua kinywa.

Nilitafuta pa kukaa. Mimi mwenye viti, nilikosa hata kimoja. Bibi yangu akasogea, akaniachia nusu ya chake.