Mwambie ni Umeme

Pale Mbinga mjini ukiuliza studio ya Edina Kapinga ilipo, utaulizwa kwanza una nini: arusi, komunio au msiba. Studio ni chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ukuta mmoja umepakwa buluu kwa ajili ya picha za pasipoti, na nyuma ya pazia kuna stoo yenye magunia ya kahawa na kompyuta moja kuukuu isiyo na kioo wala kibodi. Hiyo ndiyo seva. Usije ukaiita kopo mbele ya Edina, utatoka hapo na maneno ya kukutosha wiki nzima.

Kazi ya seva ni kutunza tu. Ndani yake mna diski mbili, na kila picha inayoingia huandikwa kwenye zote mbili, moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Kompyuta ya studio na ile ya chumbani kwake zinaifikia kwa kebo zilizopita juu ya dari. Edina hakufundishwa na mtu. Aliacha shule kidato cha pili, mama yao alipofariki, ili mdogo wake Nicholaus asiache. Haya mambo ya seva aliyachota kwenye simu, akitazama mafundi, akisimamisha, akirudia, mwaka mzima. Nicholaus, yeye, alisoma mpaka chuo cha ufundi, akarudi na cheti, akapata kazi ya kutunza kamera kwenye yadi moja ya malori ya makaa ya mawe huko barabara ya Ngaka. Edina alijivunia hicho cheti kuliko mwenye nacho.

Kwa sababu ya diski mbili, Edina alikuwa na msemo wake kwa wateja: "Acha kwangu. Kwangu kitu kiko mara mbili." Ndivyo alivyomwambia Mzee Bernadi wa Lituhi, miaka miwili iliyopita, alipokwenda kuwapiga video ya jubilei, yeye na mkewe Scolastika, miaka hamsini ya ndoa. Nicholaus alikuwepo siku hiyo, alimshikia dada yake taa. Mzee hakuwa na televisheni, akataka video itiwe kwenye simu ya mjukuu. Edina akamkatalia katakata. Simu za vijana, alisema, zinafutwa kila Jumatatu. Siku utakayoihitaji, Baba, mimi nipo.

Mwaka jana Scolastika akafariki. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ikapangwa, na Mzee Bernadi akapiga simu kusema atapanda Mbinga Jumamosi kuichukua video ile. Watoto walitaka kumwona mama yao akitembea. Picha nyingine iliyokuwepo ni ya kadi ya kupigia kura.

Jumatatu ya wiki hiyo folda ikagoma kufunguka.

Edina hakushtuka. Alianza kwa kebo, akaichomoa na kuichomeka. Akaangalia swichi, taa zake zilikuwa zinawaka. Akazima ruta, akaiwasha. Akaingia stoo, akaunganisha kioo kwenye seva, na hapo ndipo alipouona ugonjwa. Diski ya kwanza haikuonekana kabisa, na kumbukumbu za seva zilisema ilikufa tangu mwezi wa sita. Ya pili ilikuwa inakwama kila mahali, ikitoa mlio wa kukwaruza.

Mwezi wa sita. Edina aliikumbuka ile taa nyekundu. Alimpigia simu mdogo wake siku ileile ilipowaka, na Nicholaus akacheka. "Hiyo ni ya joto tu, Dada. Fungua dirisha." Miezi mitano dada wa watu amekuwa akifungua dirisha la stoo kila asubuhi.

Sasa, diski ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Inahesabu saa ilizofanya kazi tangu siku ya kwanza kuwashwa, na hesabu hiyo inakaa ndani yake. Edina aliifungua ili ajue umri wa mgonjwa. Kioo kikamjibu: saa elfu sitini na moja. Alichukua simu akagawa, akarudia kugawa. Ni miaka saba, usiku na mchana. Diski alizonunua yeye, mpya, ndani ya maboksi, zilikuwa na miaka mitatu. Studio yenyewe ilikuwa na miaka sita.

Maboksi alikuwa nayo bado, juu ya kabati, kwani Edina hatupi boksi. Alizima seva, akachomoa diski zote mbili, akalinganisha namba. Hakuna hata moja iliyofanana. Akazipeleka dirishani. Katikati ya meno ya kuchomekea kulikuwa na vumbi jeusi, laini, lililomtia alama kidoleni. Vumbi la Mbinga ni jekundu, kila mwenye shuka jeupe anajua. Hilo lilikuwa vumbi la makaa ya mawe.

Mtu mmoja tu alikuwa amewahi kuigusa seva hiyo zaidi yake. Pasaka iliyopita Nicholaus alikuja kumsaidia kuisafisha. Alishinda stoo tangu asubuhi hadi jioni, na Edina alimpikia ugali na samaki mbasa wa kukaanga, akamnawisha mikono, akamsifu kwa uvumilivu wake. Sasa alielewa kwa nini kusafisha kulichukua siku nzima. Alikaa juu ya gunia la kahawa, na niseme ukweli, alilia. Hakulilia diski.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi yadini. Nicholaus alikuwa kwenye kibanda cha kamera, amevaa shati zuri.

"Dada! Karibu. Mbona hukusema?"

Edina aliweka boksi tupu juu ya meza. "Nicho, diski zangu ziko wapi?"

"Si ziko kwenye seva?"

"Nimeuliza ziko wapi."

Nicholaus aliangalia boksi, akaangalia mlango, akaona dada yake ameuziba. Akainama. Bosi, alisema, alimpa hela za kununua diski mpya za kamera. Zikatumika. Bosi akawa anataka kuziona hizo diski. "Nikasema nizikope kwako kidogo. Lakini sikukutupia hata picha moja, Dada, naapa. Nilihamishia vyote kwenye zile za zamani za kamera kwanza."

"Ukanifungia mzigo wangu kwenye mizoga."

"Zilikuwa zinafanya kazi."

"Na taa nyekundu? Ulijua ni nini?"

Nicholaus alianza kukunja mikono ya shati lake.

"Nionyeshe hizo zangu. Za kwangu zina nini sasa?"

Nicholaus aligeuza kioo. Lango la yadi. Lori la makaa likaingia. Likaja jingine. Geti likafungwa, likafunguliwa. Kamera za yadi huandika mpaka diski ijae, kisha huanza upya juu ya kilichokuwepo, na tangu Pasaka zilikuwa zimezunguka hivyo mara nyingi. Edina hakuhitaji kuelezwa. Mahali alipokuwa Scolastika na kitenge chake cha jubilei sasa palipita malori. Alisimama akayaangalia matatu, manne, kama anayengoja mtu ashuke.

"Jumamosi anakuja Mzee Bernadi," alisema. "Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Nimwambie nini?"

Jibu la Nicholaus halikuchelewa hata kidogo. "Mwambie ni umeme, Dada. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza. Nani atabisha? Watu wote wanaujua umeme."

Hapo ndipo Edina alipoumia kuliko pote. Wizi, angalau, ungeweza kuitwa shida. Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kupikwa na kuiva, lilikuwa linangoja siku yake tu, labda tangu Pasaka, labda akiwa bado anatafuna mbasa. Alichukua boksi lake tupu akaondoka. Nicholaus alimfuata hadi getini akiita, na kamera, bila shaka, ikawaandika wote wawili.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa Edina alifunga studio. Aliiunganisha ile diski mbovu na kompyuta nyingine, akawasha programu ya bure inayonakili kidogokidogo, ikifika penye ubovu inaruka na kwenda mbele. Alikuwa anaitazama kama mtu anayeuguza. Alipata picha za pasipoti za watu asiowajua. Alipata nusu ya kipaimara. Ijumaa jioni, kabla diski haijanyamaza moja kwa moja, akapata kipande cha jubilei ya Lituhi, dakika mbili na nusu. Alikitazama peke yake mara moja, akakifunga.

Jumamosi Mzee Bernadi alifika na basi la asubuhi, amevaa koti, ameshika furushi la usipa, dagaa wa ziwani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawa ni wa kwako. Yeye ndiye angekuletea, sasa nimeleta mimi."

Edina alipokea furushi kwa mikono miwili, akamweka mzee kwenye kiti. "Baba, video imeharibika. Kimebaki kipande kidogo sana."

"Kidogo ni kidogo. Nionyeshe."

Kwenye kioo akatokea kijana ameshika taa, amependeza, anacheka. Kamera ilikuwa imemgeukia yeye na kumng'ang'ania, kwa kuwa aliyekuwa anapiga ni dada yake, na dada yake alikuwa anampenda. Ukatokea mkono wa mwanamke wenye bangili ya shaba, ukampa sahani. Mkono ukarudi, ukamwongezea samaki. Sauti ikasema, "Kula, mwanangu." Uso haukuonekana. Kipande kikaisha.

"Mkono huo ni wake," alisema Mzee Bernadi. "Na uso?"

"Haupo, Baba."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. "Watoto walitaka kuja kuichukua siku ya mazishi," alisema. "Nikawaambia tulieni, iko kwa Edina, iko mara mbili." Kisha akamtazama kwa huruma, kama anayemtafutia mwenzake njia ya kutokea. "Ni umeme, siyo? Hata kwetu Lituhi uliunguza redio ya kanisa."

Neno lilikuwa limeletwa mpaka mdomoni. Lilibaki kumezwa tu.

"Si umeme, Baba," alisema Edina. "Ni huyo anayepokea sahani. Alizichukua diski zangu. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Mzee Bernadi alisogea karibu na kioo, akamwangalia yule kijana muda mrefu.

"Scolastika alimwongezea samaki mara mbili," alisema. "Aliniambia kijana wa watu amesimama na taa tangu asubuhi, asije akalala njaa kwetu."

Akaomba aonyeshwe tena.