Buluu Ilikaa Juu

Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Toongabbie, huku Australia, alikuwa Mkroeshia, na bendera yake haikuwa na ile ngao ya miraba myekundu na myeupe tunayoizoea kwenye jezi za mpira. Ilikuwa mistari mitatu mitupu. Mkewe aliishona kambini Italia, walipokimbia kwao wakawa wanasubiri kuletwa Australia, na nyuzi za kutarizi ngao hazikupatikana. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, kwa hiyo tulielewana upesi.

Alipenda kunisimulia. Nyekundu juu, nyeupe katikati, buluu chini. Mtawala wao aliapishwa chini ya rangi hizo enzi za wafalme. Baadaye nchi yao ikamezwa na nchi kubwa yenye rangi zilezile, ila buluu juu na nyekundu chini, na nyota nyekundu katikati. Waliopeperusha hiyo ndio waliomchukua kaka yake, asirudi. Mimi nilikuwa naitikia tu, ee mzee, huku nabadilisha shuka. Kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Kisha kiharusi kikamlaza, kikamwachia maneno ya kuhesabu. Binti yake akanipigia simu kutoka kwake Quakers Hill: daktari amesema siku ni chache, naomba umtundikie bendera yake dirishani, aione kabla hajaondoka.

Niliitundika asubuhi, kwa vibanio vya nguo kwenye fimbo ya pazia, nikajiona nimefanya la maana. Bendera ya kwetu ni nyekundu juu na nyekundu chini. Sikuzoea kujiuliza rangi ipi ianze. Mzee akafumbua macho, akaitazama, akaanza kutetemeka.

"Wamefika," akasema.

Nilidhani anaota. Nikamfuta machozi, nikampa maji, akayakataa. Ilipita saa nzima ndipo nikaona buluu iko juu, kama ya wale waliomchukua kaka yake. Nikaigeuza haraka, nikamwomba atazame tena, nikamshika hata kidevu. Aligeukia ukutani, akafumba macho, na mimi sikuyaona tena yakiwa wazi. Siku ya pili akafa.

Kanisani, bendera ilikuwa juu ya jeneza, imenyooshwa vizuri. Binti yake alinikumbatia mbele ya watu wao wote.

"Asante sana," akaniambia. "Baba amekufa akiitazama bendera ya mama."

Nikamwambia ndiyo, aliitazama sana.