Mtaalamu wa Ndege za Bombay

Hii ilitokea mtaa wa Woodley, Nairobi, mwaka wa 1957, na waliokuwepo hawakupenda kuulizwa.

Saa tisa mchana, Bwana Hadley alifungua mlango wa nyumba yake, sanduku mkononi. Kwenye kiti chake akamkuta mwanamume asiyemjua, amevaa slipa zake, anamposa binti wa mpishi wake.

Mpishi, Mzee Ogutu, alitamani sakafu immeze.

Turudi nyuma kidogo.

Mposaji aliitwa Zadock, tarishi katika ofisi ya ndege huko mjini. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na kufuta vumbi kwenye ubao wa safari. Lakini Jumapili nje ya kanisa ungedhani yeye ndiye rubani.

"Nairobi mpaka Bombay ni maili elfu mbili na mia nane," angesema, mikono mfukoni. "Chini ni bahari tupu. Mtu mwoga hawezi."

Ogutu alimwamini kabisa. Mkwe kama huyo hapatikani kila siku! Shida ilikuwa mahali: chumba chake cha uani hakikutosha wageni wanne, ila sebule ya Bwana ilitosha. Memsahib, mke wa Bwana, alikuwa Nakuru, lakini Bwana Hadley alikuwa anarudi kutoka Bombay siku ile ile ya posa.

"Anafika saa ngapi?"

Zadock akacheka. "Mzee, hiyo ni hesabu ndogo. Ndege inatoka hapa saa moja asubuhi, inafika Bombay saa mbili kasorobo usiku. Kurudi, njia ni ile ile. Akitoka huko saa moja asubuhi, hapa anafika usiku. Tutakula, tutapangusa, tutaenda."

"Lakini baba," Peres akasema, "saa za Bombay ziko mbele ya zetu, karibu saa tatu. Shuleni tulifundishwa..."

"Nyamaza!" Ogutu akafoka. "Wewe ni yaya. Ndege umeijulia wapi?"

Peres akaenda zake jikoni.

Siku ikafika. Zadock na wajumbe wake watatu wakajimwaga sebuleni. Harufu ya kuku ikawafikia.

"Peres! Kuku iko wapi?"

"Bado haijaiva."

Saa saba, bado. Saa nane, bado. "Hata jiwe lingekuwa limeiva," mjumbe mmoja akanung'unika.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Huyu ni nani?" Bwana Hadley akauliza, macho kwenye slipa.

"Bwana... umekuja mapema," Zadock akasema.

Peres akatokea jikoni na aproni safi. "Karibu nyumbani, Bwana. Maji ya kuoga iko moto. Kuku imeiva sasa hivi."

Bwana Hadley, mwenye njaa ya bahari nzima, akanusa. "Ogutu, toa hawa watu. Halafu niletee chakula."

Kazi ya mpishi ikapona. Ogutu aliona aibu, na si mbele ya Bwana tu. Alimwonea aibu binti yake, aliyeijua saa ya ndege tangu mwanzo.

Huko uani Zadock hakukata tamaa. "Lazima upepo uliwasukuma, Mzee. Sasa, ile maneno ya ng'ombe..."

Ogutu akamtazama miguuni.

"Vua slipa za watu. Kutoka hapa mpaka mjini ni maili nne. Hesabu ya kwenda unaijua. Ya kurudi usiipige."

Ndugu zangu, kufuta vumbi kwenye ubao si kuusoma. Na ukibahatika kuwa na binti aliyeusoma, usimtume jikoni akanyamazie huko.