Sahani ya Maua kwa Aliyetoka Kifungoni

Mimi ni mdaku, sifichi. Jirani akinunua kochi jipya, nitajua bei yake kabla hajalikalia. Kwa hiyo, ndugu mmoja wa kanisani kwetu hapa ugenini, Columbus, alipotoka gerezani baada ya miaka sita, nami nikamwalika chakula cha Jumapili, mdomo uliniwasha wiki nzima. Huko walikula nini? Nani alimnyoa? Aliota kwa lugha gani? Kanisani watu walimpa mkono, wakasema "Bwana asifiwe," kisha wote wakakumbuka kwamba wana haraka.

Nikapika ugali, maharagwe na lengalenga, ule mchicha wetu. Kwangu, mimi, mama na watoto tunakula sinia moja, mikono yote humo humo, kama tulivyokula kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Lakini yeye nilimwekea sahani ya maua, na uma, pembeni mwa meza. Nilijiambia ni heshima ya mgeni. Uongo mtupu! Nilimwogopa, na nikaona aibu kumwogopa.

Akaketi, akashukuru, akashika uma. Hakula.

Mama yangu, ambaye naishi naye, ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Baba yangu alifungwa na Wabelgiji," alisema, kana kwamba anaomba chumvi.

Mdaku mzima, na habari ya nyumbani kwetu sikuwa nayo.

"Aliporudi, chifu alimpa shamba la mawe, mwisho wa kilima. Kwenye pombe, wenzake walikunywa kwa mirija, wote mtungi mmoja. Yeye walimmiminia kwenye kibuyu chake, akae nacho kando. Kibuyu kizuri, kimenakshiwa. Wabelgiji wakaondoka, kibuyu kikabaki. Alikinywea mpaka anakufa."

Akaitazama sahani yangu ya maua. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Babu alikuwa amefanya kosa gani?" nikauliza.

"Sijui, mwanangu. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Tulidhani kunyamaza ndiyo heshima. Sasa nimezeeka, na bado najiuliza."

Mgeni aliweka uma chini, taratibu. Watoto wangu waliacha kutafuna. Nikaichukua ile sahani, nikarudisha chakula chote kwenye sinia, nikamvutia kiti kati yangu na mama. Mama akammwagia maji ya kunawa mikono, yeye mwenyewe, licha ya miguu yake ile inayomuuma.

"Kaka," nikasema, "kuuliza si ujinga. Huko ndani mlikuwa mnakula nini?"

Akanigeukia.

"Unataka kujua kweli, dada?"

"Nataka."

Akamega tonge, akachovya kwenye maharagwe, akaanza kusimulia, tangu siku ya kwanza gerezani.