Barua za Saudia

Hapa Siakago, mtu akija matangani asile, tunamweka chini ya uchunguzi. Ednah Runji hakuwahi kuonekana kwenye foleni ya chakula. Pilau ikianza kupakuliwa, yeye huyo nyuma ya nyumba, kwenye kuku na masufuria machafu, mahali watoto wa marehemu hufichwa na kupewa soda wasisumbue wakubwa. Anachuchumaa, anawauliza majina, anaandika kwa kijitabu. Sasa niambie wewe, mtu mwenye nia njema anaachaje pilau ya bure?

Historia yake nayo haikumsaidia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mchapaji kwenye duka moja karibu na soko, na mkate wa duka lile ulikuwa programu za mazishi. Ni yeye aliyeandika “alikuwa mwenye bidii” juu ya wanaume ambao sote tulijua bidii yao iliishia kwenye kiti cha baa. Halafu ghafla akaacha kazi, akaanzisha shirika la watoto waliofiwa.

“Kwanza alichapa wafu,” alisema Mzee Njoka, katibu wa kamati ya kanisa, “sasa anakusanya watoto wao. Hiyo si huduma. Hiyo ni laini moja ya biashara.”

Shirika liliitwa Tuongee Tu. Sisi tuliliita Shirika la Wafu. Lilikuwa na chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga unga, na viti vidogo vilivyotupwa na shule ya chekechea. Kila Jumamosi asubuhi watoto ishirini hivi walikuja, kila mmoja amebeba kitu kimoja cha mtu wake aliyekufa: mshipi, kofia, kifuniko cha thamosi. Mmoja alileta meno ya bandia ya nyanya yake, na hayo meno tuliyazungumzia mwezi mzima. Kanisa likatuma akina mama wawili wakasikilize dirishani. Walirudi mbio.

“Wanacheka,” waliripoti. “Wangekuwa wanalia tungeelewa.”

Hakuna aliyemuuliza Ednah sababu. Ingekuwa kuharibu uchunguzi. Sababu ni kwamba mama yake alikufa yeye akiwa na miaka saba, na wakubwa wakamwambia amelazwa Embu. Basi Ednah akawa anamwekea mama fungu lake la kila kitu, ndizi, kipande cha nyama, githeri, ndani ya mkebe chini ya kitanda. Miaka miwili panya wa nyumba ile walinenepa. Habari kamili alipewa na binamu yake wakigombania kamba ya kuruka: “Wewe nyamaza, huna hata mama.”

Turudi kwa Mzee Njoka. Mwanawe, Nyamu, aligongwa na lori la mchanga akiwa kwa pikipiki. Aliacha binti mmoja wa miaka tisa, Gatwiri, ambaye mama yake alikuwa ameshaondoka kitambo. Kabla ya mazishi mtoto alipelekwa kwa shangazi huko Ruiri, akakaa mwezi mzima mpaka mchanga wa kaburi ukatulia. Aliporudi akaambiwa baba amepata kazi Saudia. Kijiji kizima tuliafiki. Ilikuwa siri ya watu elfu tatu.

Barua zikaanza kuja. Zilifungwa kwa gazeti la Nairobi, na zilianza “Bwana asifiwe”, jambo la ajabu, kwa sababu Nyamu kanisani aliingia siku ya ubatizo na siku ya jeneza.

“Guka, mbona hapigi simu?” mtoto alimuuliza babu yake.

“Jangwani hakuna network.”

Miaka miwili ikapita hivyo, barua saba. Kisha Mzee akagundua kwamba ile kwaya ya Jumamosi ambayo mjukuu wake aliaga kila wiki kwamba anaiendea haikuwa kwaya. Alienda moja kwa moja kwa sub-chifu Gachoki, na Jumamosi iliyofuata wakaingia pamoja kwa Ednah, sub-chifu na kofia yake ya serikali, sisi wengine tukajaa dirishani kwa ajili ya ushahidi.

“Madam,” Gachoki alianza, “nina lalamiko. Ati hapa mnaita wafu.”

“Hatuwaiti, chifu. Tunawataja.”

“Tofauti ni gani?”

“Ukimwita mtu unataka aje.”

Gachoki alifikiria hilo na kulipenda, lakini alikuwa kazini. “Mzee anataka hapa pafungwe leo. Nikipata mtoto aliyeletwa bila ruhusa ya mlezi, nafunga.”

“Na huyu wangu hana marehemu,” Njoka alisema. “Baba yake yuko Saudia. Huyu mama anamfundisha uyatima.”

Gachoki, ambaye kwenye mazishi ya Nyamu alihutubu dakika arobaini, aliangalia viatu vyake.

Ednah alifungua faili, akatoa karatasi. “Mzee, ruhusa uliandika mwenyewe.”

Njoka akavaa miwani. *Bwana asifiwe. Mimi Mzee Njoka namruhusu mjukuu wangu Gatwiri.* Mwandiko ulikuwa wake, hata ile G yenye tumbo.

“Sikuandika hii.”

“Niliandika mimi, guka,” Gatwiri alisema kutoka kwenye kiti chake. “Nilijifunzia kwa barua za baba.”

Kinu cha unga kilikuwa kimezimwa. Siku nyingine yoyote kingekuwa kinanguruma.

“Ulijua lini?” Mzee aliuliza.

“Barua ya kwanza. Ilisema *Mpendwa Gatwiri*.”

Dirishani tulishika vichwa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na Nyamu tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumwita kitu kingine ila mama. Mama, njoo. Mama, umekula? Nani huita mama yake kwa jina? Mzee Njoka, mwenyewe mume wa huyo Gatwiri mkubwa, alikosea mara saba, na kwa kalamu ya kamati.

Mtoto alifungua begi, akatoa kitu chake cha siku hiyo. Ilikuwa programu ya mazishi, ukurasa wa tatu, umejaa mafuta. “Nilifungiwa mandazi ndani yake,” alisema. “Jina langu liko hapa. ‘Ameacha binti mmoja mwenye huzuni nyingi.’ Na mimi nilikuwa Ruiri nakula viazi.”

Ednah alipouona ukurasa ule alikaa chini. Aliuchapa yeye. Nakala zilizoharibika, alizoea kumpa mama wa mandazi.

“Mbona hukuniambia?” Njoka aliuliza.

“Ulikuwa ukiandika unapangusa macho. Nikaona ukijua najua, utakosa mtu wa kuandikia.”

Gachoki alivua kofia. “Mzee, ruhusa hii ni ya bandia. Sheria inanipa nafasi ya kufunga. Nifunge?”

Njoka alivuta kiti cha chekechea, akaketi, magoti yakafika masikioni.

“Hapa haketi mtu mikono mitupu,” Ednah alimwambia, polepole.

Mzee akapapasa mfuko wa koti, akatoa barua ya nane, ambayo ilikuwa ifike wiki hiyo kutoka Saudia. Akaomba kalamu, akakata jina la juu, *Gatwiri*, akaandika *Mama*. Kisha akaandika ruhusa, hii ya kweli, na G yenye tumbo. Gachoki aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kutafuta chai.

Sisi hatujaacha kazi yetu. Ednah bado hali matangani, na bado tunaandika tarehe ya kila pilau anayoiacha. Lakini mwezi uliopita, kwenye mazishi ya upande wa Ishiara, pilau ilipopakuliwa tulimkosa pia Mzee Njoka. Tulimpata nyuma ya nyumba amechuchumaa kati ya masufuria, anamuuliza mtoto wa marehemu baba yake alimwita nani.

Naye tumeanza kumchunguza.